Dawa ambayo mama aliweza kukaa nayo

Mama alitoka eda mwezi wa tano. Shangazi zangu walikuja Muheza kutoka Pangani na Tanga mjini, dua ikasomwa, pilau ikaliwa, na wakati wa kuagana kila mmoja alimwambia neno lile lile: "Jikaze, wifi, sasa utoke." Tulidhani kuanzia siku ile ataanza kwenda sokoni, atakaa barazani na wenzake jioni kama zamani. Hakutoka. Miezi minne na siku kumi iliisha, yeye akabaki ndani vile vile, ila sasa hapakuwa na sheria iliyomzuia.

Mimi naishi Dar es Salaam. Nilikuwa nakwenda kumwona kila mwisho wa mwezi, na kila nikienda namkuta amepungua. Mama amefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka 35. Ni mtu wa maneno. Sasa ukimuuliza kitu unasubiri jibu mpaka unasahau ulichouliza. Chai inapoa mbele yake. Saa tisa usiku yuko macho, anasikia adhana ya alfajiri amelala vile vile, na mguu wa kwenda kutawadha hauinuki. Hilo la sala ndilo lililomuumiza kuliko yote. "Mungu ameniachia masikio ya kumsikia," aliniambia, "lakini nguvu ya kumwendea ameichukua."

Kaka alisema ni majonzi, yatapita. Shangazi mkubwa alisema amefanyiwa jambo. Akaletwa shehe akamsomea, na mama akapata nafuu ya siku mbili ambayo siidharau hata leo, kwa sababu siku mbili ni siku mbili. Kisha tukampeleka kituo cha afya.

Alikaa ndani dakika tano. Akatoka na bahasha ya khaki iliyoandikwa kwa kalamu: amitriptilini miligramu 25, kimoja usiku. Aliambiwa ni ya kumsaidia usingizi, na kweli alilala. Baada ya wiki mbili akarudi, vikawa viwili. Hakuna aliyemuuliza anameza dawa gani nyingine. Hakuna aliyemwambia kwamba hii ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwamba inamezwa kila siku na inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Kwa hiyo akilala vizuri siku mbili anaiweka kando, usingizi ukikatika anairudia. Mdomo ukamkauka hadi kusoma Yasini kukawa taabu. Choo kikawa kigumu. Akaniambia kwenye simu kwamba akisimama, dunia inazunguka kidogo. Nikamwambia anywe maji.

Usiku wa Jumatano moja aliamka kwenda chooni. Choo chetu kiko uani, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa nyuma. Alifika mlangoni tu, akaanguka juu ya ndoo ya maji. Kaka alimkuta ameketi kwenye maji, ameshika nyonga, halii. Mfupa haukuvunjika. Lakini lile neno nililomwambia, anywe maji, limenikaa mpaka leo.

Nilianza kuichukia dawa ile kama adui. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba amitriptilini si dawa mbaya. Imetumika tangu mwaka 1961, imewainua watu wengi sana, na kwetu inapatikana karibu kila mahali kwa sababu ni ya bei ndogo na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ila ina tabia zake. Hushusha presha mtu anaposimama ghafla, hukausha mdomo, hufunga choo, hulevya usingizi. Kwa mtu wa miaka 64 anayemeza dawa ya presha, anayetembea gizani kwenda uani, tabia hizo ni hatari kabla hata hatujafika kwenye sonona yenyewe. Na kipimo alichopewa kilikuwa kidogo mno. Kwa sonona, mtu mzima kwa kawaida hupandishwa taratibu hadi miligramu 75 na zaidi. Ile ya 25 hutolewa sana kwa maumivu ya mishipa na usingizi. Mama alibeba usumbufu wote wa dawa, na tiba yake hakuifikia.

Daktari wa magonjwa ya akili tuliyemwona Dar alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kukaa, kisha akasema: "Mwalimu, naomba umwage mezani kila unachomeza. Kila kitu, hata cha mizizi."

Mama akafungua mkoba. Ikatoka pakiti ya amitriptilini. Ikatoka bendrofluazaidi, ile dawa ya presha inayokojosha, anayoitumia miaka sita sasa. Vikatoka vidonge vya diklofenaki alivyokuwa akinunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, bila cheti. Na chupa ya jamu yenye unga wa kijani wa mwarobaini. Mimi mwanawe sikujua hata nusu ya vitu hivyo. Daktari aliviweka kwenye mstari, kimoja kimoja, akavitazama kama mtu anayesoma barua.

Kisha akaanza kuuliza. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, uzito, na kama kuna kitu chochote bado kinampa raha. Akauliza bila kupunguza sauti: "Umewahi kuwaza kwamba ni bora usingekuwepo?" Nilitaka kumzuia, niliona ni swali la kumtia mtu mawazo mabaya. Mama alinyamaza, halafu akasema: "Nimewaza kulala nisiamke. Kujidhuru, hapana." Alikuwa amelibeba hilo miezi kadhaa, na mabega yake yalishuka alipolitamka. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo. Kunampa pa kulitua.

Akauliza na lingine, ambalo sikuona linahusu nini: "Katika maisha yako, uliwahi kukaa siku kadhaa bila kulala na bila kuchoka, mawazo yanakimbia, unaongea sana, unaanza mambo makubwa kwa mkupuo?" Mama akasema hajawahi. Daktari akaandika. Alinieleza baadaye kwamba hilo ni swali asiloliacha hata kliniki ikiwa imejaa. Mtu mwenye vipindi vya namna hiyo anaweza kuja kwako akiwa chini, ukaona sonona tupu, ukampa dawa ya sonona peke yake, nayo ikamrusha upande wa pili. Huyo anahitaji mpango mwingine wa tiba.

Mama alichukuliwa damu, kuangalia upungufu wa damu, tezi ya thairoidi na chumvi za mwilini, kwa sababu yapo magonjwa yanayovaa sura ya sonona. Ndipo mwalimu alipoamka ndani yake kidogo. "Na hiyo kemikali ya ubongo wanayosema imepungua," akauliza, "hiyo nayo mnaipima?"

"Hapana, mwalimu. Hakuna kipimo chake."

Nilimpenda daktari yule kwa jibu lile. Kwa miaka mingi watu wameambiwa kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, hiyo kemikali ya ubongo aliyoiuliza mama, basi unaongezewa, mambo yanakaa sawa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa hadithi hiyo. Dawa zenyewe hata hazikuanzia kwenye nadharia. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View kule Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakijaribiwa dawa iitwayo iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa, na ikachukua miaka mitano hivi madaktari kuanza kuitumia kwa watu wenye sonona. Dawa ilionekana kwanza, maelezo yakafuata, na maelezo bado yanatafutwa.

Sasa kama hakuna kipimo cha damu cha kuchagua, daktari anachaguaje? Yule wetu aliandika majina matatu kwenye karatasi akaigeuza upande wa mama.

La kwanza fluoksetini, ile iliyojulikana dunia nzima kwa jina la Prozac baada ya kuidhinishwa Marekani mwaka 1987. Bei yake ndogo, na kwenye hospitali za serikali ndiyo inayopatikana kwa urahisi kati ya hizi tatu. Hukaa mwilini muda mrefu, hata mtu akisahau siku moja hayumbi. Lakini mwanzoni huweza kumpa mtu wasiwasi na kumkata hamu ya chakula, na mama alikuwa ameshapungua kilo tisa.

La pili mitazapini. Humezwa usiku, huleta usingizi, huamsha njaa. Kwa mama ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vyake. Tatizo lilikuwa bei, na kwamba maduka ya Muheza hayakuwa nayo. Ingebidi mtu aifuate Tanga mjini au nitume kwa basi kila mwezi. Daktari alisema jambo ambalo sijawahi kulisoma popote likisemwa wazi vile: dawa inayokatika kila mwezi wa pili ni mbaya kuliko dawa ya pili kwa ubora inayopatikana siku zote.

La tatu setralini. Haigombani sana na dawa nyingine, imejaribiwa kwa wagonjwa wa moyo ikaonekana salama, humezwa mara moja kwa siku. Wiki ya kwanza huchafua tumbo.

Wakakubaliana setralini, nusu kidonge yaani miligramu 25 kwa wiki moja, kisha 50. Lakini kwanza, akasema daktari, kuna wageni wawili hapa mezani lazima wahame. Diklofenaki, kwa sababu ikikaa pamoja na dawa za kundi la setralini huongeza uwezekano wa tumbo kutoa damu. Magoti yatapewa parasetamoli na mazoezi. Na bendrofluazaidi, kwa sababu kwa mtu mzima wa umri wa mama, hiyo pamoja na setralini zinaweza kushusha sodiamu, moja ya zile chumvi za mwilini, kwenye damu, na sodiamu ikishuka mtu huchanganyikiwa, huanguka, na watu wa nyumbani husema uzee umeingia. Akabadilishiwa dawa ya presha akapewa amlodipini. Amitriptilini akaambiwa asiikate ghafla, arudi kwenye kimoja kwa wiki moja, aache, ndipo aanze mpya. Mwarobaini aliombwa auweke pembeni kwanza, ili tukiona badiliko tujue limetoka wapi.

Saa nzima ilikwisha. Najua si kila mtu ana saa nzima. Najua pia foleni ya pale kituoni ilikuwa ndefu na yule mhudumu aliyempa mama dakika tano alikuwa na watu sitini nyuma yake. Lakini maswali yaliyookoa hali hayakuhitaji saa. "Unameza nini kingine?" ni sekunde tatu.

Wiki ya kwanza mama alipata kichefuchefu, akawa anameza baada ya uji. Wiki ya pili hakuna kitu. Akapimwa sodiamu, iko sawa. Wiki ya tatu hakuna kitu, na niliyekata tamaa ni mimi. Daktari alikuwa ametuonya: kazi yenyewe huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na kupima kama dawa imefaa kunataka wiki sita hadi nane za kipimo kamili. Alitutahadharisha na jambo jingine ambalo kila familia inapaswa kulisikia. Nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya moyo kutulia, na mtu aliyekuwa na mawazo ya kufa akapata nguvu ya kuyafuata. Kwa hiyo vidonge vilikaa chumbani kwa kaka, dozi ya wiki mbili tu kwa wakati mmoja, na mke wa kaka akalala chumba kimoja na mama mwezi mzima bila kuambiwa mara mbili.

Wiki ya tano nilimwandikia ujumbe kwamba "ntakuja" Ijumaa. Jibu likaja baada ya dakika moja: "Nitakuja. Mwanangu, usile irabu." Nilikuwa kazini, nilitoka nje nikalia kwenye ngazi.

Tangu wakati ule nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu dawa hizi. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 522, watu 116,477, dawa 21. Zote 21 zilifanya kazi kuliko kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani, kwa kiasi cha wastani, na mengi ya majaribio hayo yalikuwa ya wiki nane hivi. Unajua dawa gani iliongoza kwa nguvu? Amitriptilini. Ile ile iliyomwangusha mama uani. Na hiyo hiyo imo miongoni mwa zile ambazo watu wengi waliziacha kwa sababu ya madhara. Niliisoma jedwali ile mara tatu. Ukiuliza "dawa ipi kali zaidi," jibu lake linaweza kumvunja mama yako nyonga. Swali ninaloliamini sasa ni jingine: dawa ipi mtu huyu, kwa mwili huu, nyumba hii, mfuko huu, ataweza kukaa nayo mpaka ifanye kazi?

Na kukaa nayo kuna sura nyingi. Nina rafiki, fundi magari, alipewa fluoksetini ikamtoa kwenye shimo. Miezi miwili baadaye akaiacha kimyakimya. Mkewe hakujua, daktari hakujua. Ilikuwa imemgusa kwenye mambo ya ndani, na hakuwa na maneno ya kumwambia daktari aliyelingana na mama yake. Sonona ikarudi kwa kishindo. Tatizo hilo la unyumba ni la kawaida kwa kundi hilo la dawa, kwa wanaume na wanawake, na linatatulika: kipimo hupunguzwa, au dawa hubadilishwa. Yeye alihamia mitazapini. Amenenepa, analalamikia suruali, lakini anaimeza. Ningependa daktari amtangulie mgonjwa kulitaja jambo hilo, maana mgonjwa wetu hatalitaja.

Ilipokaribia Ramadhani mama aliogopa kwamba atachagua kati ya dawa na saumu. Setralini humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo iliruka kutoka asubuhi kwenda baada ya futari, daktari akaridhia, na mwezi ukapita. Ingekuwa ni dawa ya mara tatu kwa siku najua kabisa angeiacha bila kumwambia mtu.

Dawa ya kwanza ikikataa, msimlaumu mgonjwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, walioanza na sitalopramu, dawa ya kundi moja na setralini, dalili ziliwaisha kabisa kama mmoja kati ya watatu tu kwa hatua hiyo ya kwanza. Waliobaki ilibidi wabadilishiwe au waongezewe. Huku kwetu mtu akishindwa na dawa ya kwanza husemwa hataki kupona. Na wapo ambao hawahitaji dawa kabisa: kwa sonona nyepesi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wenyewe unasema isianze na vidonge. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na watu wa kule kule vilipunguza sana sonona, na matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mama naye, kliniki ilimwekea miadi ya mazungumzo, na kilichomsaidia humo ni kumtaja baba kwa jina bila watu kumwambia anyamaze.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu mama aanze setralini. Wanazungumza kupunguza, polepole, kwa wiki nyingi, maana setralini ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, ndoto mbaya na mishtuko kichwani kama ya umeme, na mtu akadhani ugonjwa umerudi.

Nilikuwa Muheza wiki iliyopita. Mama jirani alikuja jioni, akakaa ukingoni mwa baraza, akaomba kuandikiwa jina la ile dawa ya mwalimu. Kijana wake wa miaka 19 hali chakula, hatoki chumbani, amesimama masomo. Alikuwa na elfu kumi ameikunja kiganjani.

Mama hakuandika. Alimuuliza kijana analala vipi, tangu lini, anameza nini. Halafu akauliza: "Aliwahi kukaa siku bila kulala, na asichoke?"

Yule mama akafikiri. "Mwezi wa pili," akasema. "Alipaka nyumba rangi usiku kucha, siku tatu. Tulifurahi, tukasema amekua."

Mama akaingia ndani. Alirudi amejitanda kanga, ameshika simu na lile daftari lake la kliniki, akamwambia mama jirani aweke ile elfu kumi kwa nauli, wanaondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi, na usiku huu kijana asilale peke yake.